Kwelea, Fenthioni na Mkataba Unaongoja Kauli Moja

Mwaka 2025, mjini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubaliana kuiingiza fenthioni katika Kiambatisho cha Tatu cha mkataba huo, yaani orodha yake ya kemikali. Si fenthioni ya kila namna. Ni ile inayonyunyizwa kwa matone madogo mno bila kuchanganywa na maji, yenye gramu 640 au zaidi za sumu yenyewe katika kila lita. Katika kumbukumbu za mkutano huo ni mstari mmoja kati ya mamia. Kwa mkulima wa mpunga Mbarali, wa mtama Dodoma au wa mpunga kando ya Kisumu, hii ndiyo dawa inayomwagwa na ndege jua likizama ili kwelea wasimalize shamba lake kabla hajavuna.

Suala hili halikuanza mwaka huo. Lilifika mbele ya mkutano mkuu wa nchi wanachama mwaka 2015, likakwama. Likarudi 2017, likakwama. Likakwama tena 2019, 2022 na 2023. Kwa miaka 10 wataalamu walisema masharti yote ya mkataba yametimia, na kwa miaka 10 kikao kikainuka bila uamuzi. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba miongoni mwa waliokataa zilikuwemo nchi za Afrika zenyewe, zile zinazoitegemea dawa hii kupambana na kwelea. Tuliikataa haki iliyoandikwa kwa ajili yetu.

Naona miaka hiyo ilipotea kwa sababu ya kutoelewa jambo moja, na hali hiyo bado tunayo. Watu wengi, wakiwemo maofisa wenye elimu na uzoefu, huamini kwamba kemikali ikishaingia katika orodha ya Rotterdam imepigwa marufuku. Sivyo. Mkataba wa Rotterdam haukatazi kemikali hata moja. Unachofanya ni kumpa mnunuzi haki ya kuelezwa hatari ya bidhaa kabla haijapakiwa melini, kisha kusema anaitaka, haitaki, au anaitaka kwa masharti atakayoyataja mwenyewe. Mengine yote katika mkataba huo yamejengwa juu ya haki hiyo.

Tuanze na ndege mwenyewe, kwa sababu anayezungumzia fenthioni bila kumjua kwelea atawadharau wakulima bure. Kwelea ni ndege mdogo wa gramu 20 hivi, dume lake lina mdomo mwekundu. Peke yake si kitu. Lakini hatembei peke yake. Kundi moja linalolala kwenye matete au kwenye miiba ya migunga linaweza kuwa na mamilioni. Kila mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja basi huondoka na tani 10 kila siku, mbali na punje zinazoangushwa chini bila kuliwa. Familia inayolima ekari mbili za mtama au uwele inaweza kuamka na mavuno, ikalala bila kitu.

Chakula cha asili cha kwelea ni mbegu za majani ya porini. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu zilizobaki ardhini huota zote, naye hukosa chakula kwa ghafla. Hapo huhama, akifuata maeneo ambayo mvua ilitangulia na majani yamekwisha kuzaa mbegu mpya. Ndiyo maana hana nchi. Anavuka mipaka ya Tanzania, Kenya, Ethiopia na Sudan bila kujali nani ana bajeti ya kumzuia. Huzaliana haraka pia: kundi zima hujenga viota kwa pamoja, mayai huatamiwa kwa siku 10 hivi, na baada ya wiki chache makinda yanaruka. Vifo vya kawaida vya kwelea ni vingi sana, hata bila binadamu kunyanyua mkono. Nusu ya ndege hao huweza kufa katika mwaka mmoja, na kizazi kipya huziba pengo. Kwa hiyo waliodhani tangu enzi za ukoloni kwamba wangemmaliza kwa sumu, kwa moto au kwa baruti walikuwa wanapigana vita isiyo na mwisho. Wataalamu wa leo wanasema lengo la maana ni kulinda shamba fulani kwa msimu fulani, si kumfuta ndege duniani.

Kabla ya ndege za kunyunyiza kulikuwa na kuamia, na bado kupo. Mtu hukaa juu ya dungu kuanzia alfajiri, akipiga makopo, akirusha mawe kwa teo, akipiga kelele mpaka sauti ikauke. Mara nyingi aliye juu ya dungu ni mtoto ambaye wenzake wako darasani. Kwa muda mrefu wakulima wa mikoa mikavu ya Tanzania wamehimizwa waache mahindi na walime mtama na uwele kwa kuwa vinastahimili ukame. Ushauri ni mzuri, ila mtama mweupe wenye punje wazi ndio anaoupenda kwelea kuliko mahindi yaliyofunikwa na maganda yake. Mkulima anayeomba ndege ije kunyunyiza haombi anasa.

Hapo ndipo fenthioni inapoingia. Iko katika jamii ya viuatilifu vinavyotokana na fosforasi, na kwa kwelea imejulikana zaidi kwa jina la kibiashara la Queletox. Kazi yake mwilini inaeleweka vizuri. Mishipa ya fahamu hupeleka ujumbe kwenye misuli kwa kutoa kemikali fulani, na mara ujumbe unapofika, kimeng'enya maalumu huivunja kemikali hiyo ili msuli upumzike. Fenthioni hukifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe unaendelea bila kukoma: mate yanatiririka, mboni za macho zinasinyaa, misuli inatetemeka, kifua kinajaa majimaji, na mwisho pumzi inakatika. Ndivyo anavyokufa kwelea, na ndivyo anavyoweza kufa mtu. Kuna jambo jingine linaloifanya fenthioni iwe ya hila. Huyeyuka katika mafuta, hupenya ngozi, hujificha katika mafuta ya mwili, na ini huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Mtu anaweza kuonekana nafuu kisha akazidiwa baada ya siku kadhaa, wakati amekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Shirika la Afya Duniani limeiweka katika daraja la pili la hatari, yaani hatari ya wastani. Daraja hilo hupimwa zaidi kwa kiasi kinachomuua panya mara moja. Haliangalii sana dawa hiyo inatumiwaje, na nani, na kwa vifaa gani. Fenthioni ya gramu 640 haichanganywi na maji. Inapakiwa kama ilivyo, nzito, na fundi anayemimina kwenye tangi la ndege au mabomba ya gari anashughulika na sumu halisi karibu na ngozi yake. Matone yake ni madogo kiasi kwamba upepo mdogo tu huyasogeza nje ya eneo lililokusudiwa. Kwelea wengine hawafi hapohapo. Huruka na sumu yao mpaka mabwawani na vijijini. Bundi, tai na korongo huwala na kufa pia. Na watu huwaokota. Kwelea ni kitoweo katika sehemu nyingi za Tanzania ya kati, na mwenye njaa akikuta ndege wamelala chini kwa maelfu asubuhi, hana namna ya kujua kwamba wamekufa kwa sumu, kama hakuna aliyemwambia.

Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2004 kutoiruhusu fenthioni katika kilimo chake, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa hatari kwa ndege wasiokusudiwa. Mwaka huohuo wa 2004, mwezi Februari, Mkataba wa Rotterdam ulianza kufanya kazi rasmi.

Mkataba huo ulipitishwa Septemba 1998. Chimbuko lake ni malalamiko ya miaka ya 1970 na 1980, nchi tajiri zilipokuwa zikipiga marufuku dawa nyumbani na kuendelea kuziuza nje, mara nyingi kwa nchi zisizo na maabara wala sheria. Mwaka 1985 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lilitoa kanuni za hiari kuhusu usambazaji na matumizi ya viuatilifu. Mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Nairobi, likatoa miongozo ya biashara ya kemikali. Utaratibu wa kuomba ridhaa ya mnunuzi uliongezwa mwaka 1989, nao ulikuwa wa hiari. Rotterdam iliugeuza kuwa sheria, na mashirika hayo mawili ndiyo yanayoendesha sekretarieti yake kwa pamoja.

Ili kemikali ifikiriwe kuingizwa katika orodha zipo njia mbili. Ya kwanza inahitaji nchi za kanda mbili tofauti za dunia ziwe zimeipiga marufuku au kuibana sana kwa sababu za afya au mazingira, na ziwe zimefanya tathmini ya hatari. Njia hii inazipa nafasi zaidi nchi zenye maabara. Ya pili iliandikwa makusudi kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kwa mujibu wa kifungu cha sita, nchi yoyote kati ya hizo inayoona kwamba dawa fulani, kwa namna inavyotengenezwa na inavyotumiwa katika mazingira yake, inawadhuru watu, inaweza kuipendekeza peke yake. Haihitaji kuwa imepiga marufuku. Haihitaji maabara ya mamilioni. Inahitaji taarifa za visa vyenyewe: jina la bidhaa, kiasi cha sumu ndani yake, ilivyotumiwa, aliyedhurika alionyesha dalili gani, na alitibiwaje.

Naona kifungu hiki ndicho cha haki kuliko vyote katika mkataba, na majina yanayokumbukwa kuhusu matumizi yake ni ya Sahel. Senegal ilipeleka mchanganyiko wa unga wa kutibu mbegu za karanga uliokuwa na karbofurani ndani yake, nao ukaingizwa katika orodha mwaka 2004. Burkina Faso ilipeleka parakwati, dawa ya kuua magugu. Chad ikapeleka fenthioni ya gramu 640, kutokana na visa vya watu waliodhurika nchini humo. Nchi maskini, zenye mawaziri wachache wa kuwatuma Geneva, zilikusanya ushahidi kutoka vijijini na kuusimamisha mbele ya dunia. Nchi za Sahel ziliunda pia kamati moja ya pamoja ya kusajili viuatilifu, ambapo mataifa kadhaa yalikaa meza moja kuamua dawa ipi iingie sokoni. Afrika Mashariki, pamoja na soko lake la pamoja na mipaka ambayo magunia na madumu huvuka kila siku, ingefaidika kujifunza kwa Sahel katika jambo hili.

Kamati ya Mapitio ya Kemikali, yenye wataalamu 31 kutoka kanda zote, iliupitia ushahidi wa Chad na kuukubali. Kisha faili likapanda kwenye mkutano mkuu, na hapo likakutana na kifungu cha 22. Kifungu hicho kinasema Kiambatisho cha Tatu kitabadilishwa kwa kauli moja tu. Hakuna kura. Mwakilishi mmoja akiinua kibao cha nchi yake na kusema hakubali, kemikali hiyo inasubiri mpaka mkutano mwingine, kwa kawaida miaka miwili.

Hoja za waliopinga fenthioni zinastahili kusikilizwa kwa heshima. Walisema hakuna dawa mbadala inayopatikana kwa urahisi. Walisema ikishaorodheshwa bei itapanda, watengenezaji watajiondoa, mabenki na wafadhili wataogopa kugusa kitu chenye jina baya, na siku kwelea watakaposhuka serikali itakuwa mikono mitupu. Hofu hiyo ina msingi. Ni kweli kwamba orodha hubadilisha sura ya bidhaa sokoni. Lakini hebu tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Inasema: tusiambiwe hatari kwa maandishi, tusipewe mwongozo wa kitaalamu, lebo isilazimishwe kubeba onyo, ili dawa iendelee kuja. Anayelipa gharama ya ukimya huo ni fundi anayemimina sumu bila glavu na mama anayeokota ndege waliokufa. Nchi inayotaka kuendelea kuitumia fenthioni ingeweza kuandika ndiyo, bila aibu, na kuendelea kuinunua siku inayofuata ikiwa na karatasi zote mkononi.

Udhaifu wa kanuni ya kauli moja hauonekani vizuri kwa fenthioni peke yake. Ili kuuona barabara, tazama asbesto. Aina tano za madini hayo zimo katika orodha ya Rotterdam. Ya sita, krisotili, ndiyo pekee inayouzwa kwa wingi duniani, katika mabati ya saruji na mabomba. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Wataalamu wa mkataba waliipendekeza, na tangu mwaka 2006 imezuiwa mkutano baada ya mkutano na nchi chache zinazoichimba au kuinunua. Urusi na Kazakhstan zimo. Zimbabwe, yenye migodi yake ya zamani, imo pia. Kwa miaka mingi Kanada ilikuwa mstari wa mbele, hata mwaka 2011, ilhali ndani ya majengo yake yenyewe ilikuwa ikiiondoa asbesto kwa gharama kubwa. Mwaka 2012, serikali ya jimbo la Quebec ilipobadilika na mgodi ukakosa msaada, Kanada ikatangaza haitapinga tena. Mwaka 2018 ikapiga marufuku asbesto nchini mwake. Sayansi ya krisotili haikubadilika kati ya 2011 na 2012. Kilichobadilika ni maslahi ya mgodi. Na hata baada ya Kanada kujitoa, wengine waliobaki walitosha kuizuia, kwa kuwa mmoja tu anatosha.

Mikataba ndugu haiko hivyo. Mkataba wa Stockholm, unaoshughulikia sumu zinazodumu katika mazingira kwa miaka mingi, unaruhusu robo tatu ya kura pale juhudi zote za kukubaliana zinaposhindikana. Mwaka 2015 kura hiyo ilipigwa juu ya dawa ya kuhifadhia mbao, na mkataba haukuvunjika. Mkataba wa Basel kuhusu taka za sumu una njia kama hiyo. Cha ajabu, Rotterdam yenyewe inaruhusu maneno ya mkataba yarekebishwe kwa robo tatu ya kura, ila si Kiambatisho cha Tatu. Mwaka 2019 nchi wanachama zilitumia kura kuanzisha utaratibu wa kusimamia utekelezaji, jambo lililokuwa limekwama tangu mwanzo. Mwaka 2023 Uswisi, Mali na Australia zilileta pendekezo la kuunda kiambatisho kipya, ambamo kemikali zilizokwama kwa kukosa kauli moja zingewekwa ili wanunuzi waombwe ridhaa ya wazi. Kura ikapigwa. Robo tatu haikufikiwa. Nilihuzunika, hasa kwa kuwa mojawapo ya nchi tatu zilizolibeba pendekezo hilo ilikuwa ya Afrika, na bado Afrika haikusimama nayo yote.

Kwa hiyo ushindi wa 2025 haukuja kwa sababu mfumo umerekebishwa. Ulikuja kwa sababu waliokuwa wakipinga safari hii hawakupinga. Pamoja na fenthioni iliingia karbosulfani, kiuatilifu ambacho kikivunjika mwilini na ardhini hutoa karbofurani. Parakwati na krisotili zilibaki nje.

Nimelitaja neno hilo, karbofurani, kwa makusudi. Wakenya wanaikumbuka kwa jina la Furadan. Iliuzwa madukani kwa ajili ya minyoo na wadudu wa shambani, ikatumiwa kutegea simba na fisi kwa mizoga iliyotiwa sumu, na tai walioshuka kula mzoga huo nao wakafa. Mwaka 2009, baada ya kelele nyingi za wahifadhi, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiitengeneza iliiondoa katika soko la Kenya. Mkataba wa Rotterdam uliiorodhesha mwaka 2017. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka minane, na muda huo wote nchi nyingine za kanda zilikuwa na haki ya kutahadharishwa mapema.

Nisije nikaeleweka kwamba orodha ni dawa ya kila ugonjwa. Terbufosi iliorodheshwa mwaka 2023, kwa taarifa za marufuku kutoka Kanada na Msumbiji. Oktoba 2024 watoto sita walikufa Naledi, Soweto, Afrika Kusini, na uchunguzi ukakuta terbufosi. Hiyo ni dawa ya kilimo iliyokuwa ikiuzwa mitaani kwa vipimo vidogo kama sumu ya panya, bila jina wala onyo. Mkataba wa kimataifa unaishia bandarini. Unaweza kumlazimisha msafirishaji aombe ridhaa na abandike lebo, ila hauwezi kumfuata mchuuzi anayemimina sumu kutoka dumu la lita 20 kwenda kwenye chupa ya soda. Kazi hiyo ni ya sheria za nchi, ya wakaguzi wanaolipwa vizuri na kupewa usafiri.

Turudi kwa kwelea. Tukishaambiwa hatari ya fenthioni, tufanye nini? Jibu halifanani kila mahali. Afrika Kusini imekuwa ikitumia milipuko usiku kwenye malalio ya ndege, njia yenye hatari zake. Kuna kiuatilifu kingine kiitwacho sianofosi, lakini nacho ni cha jamii ileile ya fosforasi na kinafunga kimeng'enya kilekile. Kubadilisha jina la sumu si kupunguza sumu. Njia ninayoiona ina heshima zaidi ipo Kondoa, ambako wanakijiji wamekuwa wakiwanasa kwelea kwa nyavu na mitego ya vikapu, wakawala na kuwauza. Watafiti wameifuatilia kazi hiyo na kuona inaweza kupanuliwa. Nyavu haziwezi kumaliza kundi la milioni sita, kama lile ambalo serikali ya Kenya ilitangaza kulinyunyizia Kisumu mapema mwaka 2023. Lakini kundi la malaki machache karibu na kijiji zinaweza kulipunguza sana, zikaacha nyama isiyo na sumu na fedha mfukoni mwa mwanakijiji. Droni nazo, zinazotumiwa siku hizi, hufika kwenye lalio lenyewe kwa dawa kidogo kuliko ndege kubwa inayopita mara tatu juu ya bonde zima. Kupanda kwa wakati mmoja kijiji kizima husaidia, ili mashamba yasiive moja baada ya jingine na kumlisha kwelea miezi miwili mfululizo. Fenthioni ingebaki kwa dharura ile ambayo haya yote yameshindwa.

Hayo ndiyo masharti ambayo mkataba unaturuhusu kuyaandika. Nchi ikishatumiwa mwongozo wa uamuzi kuhusu kemikali iliyoorodheshwa ina miezi 9 ya kujibu. Jibu la ndiyo kwa masharti linaweza kusema: dawa hii iingizwe na taasisi ya serikali tu, isiuzwe dukani kamwe, inyunyizwe na watu waliofunzwa na kupimwa damu kabla na baada ya msimu, vijiji vya karibu vitangaziwe siku mbili kabla, kwa redio na kwa mdomo, ndege waliokufa wakusanywe na kuzikwa, na madumu matupu yarudi ghalani. Msafirishaji analazimika kuyaheshimu masharti hayo. Na nchi ikiamua hapana, haiwezi kumkataa muuzaji mmoja na kumpokea mwingine: lazima ikatae kutoka kila mahali, na isitengeneze yenyewe. Kanuni hiyo ni ya haki, kwani inazuia afya ya watu isitumiwe kama kisingizio cha biashara.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania iliyoko Arusha, na bodi ya Kenya inayosajili viuatilifu, PCPB, zina wataalamu wanaoweza kuandika majibu ya namna hiyo vizuri. Kuna pia shirika la kanda la kudhibiti nzige, DLCO-EA, lililoundwa mwaka 1962, ambalo ndege zake zimekuwa zikinyunyizia nzige na kwelea katika nchi zetu. Kwelea hana pasipoti. Itakuwa kazi bure Tanzania ikaweka masharti makali na jirani yake akanyunyiza bila masharti yoyote kilomita 10 ng'ambo ya mpaka. Ningependa kuona nchi wanachama wa shirika hilo zikitoa jibu moja, lenye masharti yaleyale, na kulichapisha kwa Kiswahili na lugha nyingine ambazo wakulima husoma.

Lakini kilichobaki ni kazi ya watu walio karibu zaidi na shamba. Mfumo mzima wa Chad, Senegal na Burkina Faso ulisimama juu ya karatasi zilizojazwa na watu wa kawaida. Zahanati zetu nyingi huandika neno sumu tu kwenye daftari, au huandika kuharisha na kutapika, bila jina la dawa iliyomdhuru mgonjwa. Taarifa ya namna hiyo haiwezi kutumika Geneva, na haiwezi kutumika hata Dodoma. Mganga, andika jina la bidhaa. Afisa ugani, chukua chupa au dumu, piga picha ya lebo, uitume kwa mamlaka ya viuatilifu. Mkulima, ndege ya kunyunyiza ikipita na mtu akaanza kutokwa na mate, kutetemeka au kuona ukungu, mpeleke hospitali upesi, useme wazi kwamba kumenyunyizwa dawa ya kwelea, kwa sababu dawa ya kumwokoa, atropini, inafaa zaidi ikitolewa mapema. Na kwelea uliowakuta wamekufa, usiwale, wala usimpe jirani.